Nani Alimfundisha Erasto Kurusha Sombe

Dido, ndugu yangu,

Kabla sijakusalimu nataka kukuuliza jambo, ingawa najua hutajibu. Ulipokuwa umelazwa hospitali kule Woluwe, nami nikija kila jioni nikitoka kazini, nilikuta mto wako umelowa jasho na viatu vyako vya michezo viko chini ya kitanda, kamba zimefungwa. Ulidhani sioni?

Niliona. Nilinyamaza tu. Siku moja muuguzi aliniambia kwa Kifaransa kwamba una wageni wengi asubuhi, wewe ukamkatisha haraka ukaomba maji. Nikajiambia labda ni wachungaji. Unakumbuka yuleyule muuguzi aliponiuliza jina langu nikasema, "Patient," akajibu, "Hapana bwana, patient ni huyu aliyelala." Kwao patient ni mgonjwa. Ulicheka hadi ukakohoa. Mimi pia nilicheka, lakini ile habari ya wageni wa asubuhi niliiweka kando, nikaifunga.

Naandika kwa Kiswahili cha darasani, kile tulichofundishwa Bukavu kabla wazazi hawajatukimbizia huku Ubelgiji. Tungekuwa tunaongea ningekuambia, "Dido, uko muntu mubaya," tukacheka, ikaisha. Lakini kuandika ni kama kuvaa shati la Jumapili, maneno yanajinyoosha yenyewe. Na wewe hukuniachia nafasi ya kukuambia uso kwa uso.

Nikueleze yaliyotokea tangu tukuzike.

Mkurugenzi mpya wa timu yetu ya besiboli, yule aliyeteuliwa ukiwa bado hospitali, alikuja mazishini na koti refu jeusi. Alisimama nyuma kabisa, akampa mama yako mkono, akaondoka kabla ya chakula. Mtu asiyekula msibani mimi simwamini. Baada ya hapo akatuita kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akasema timu imezeeka na yeye amekuja kuijenga upya. Alitaja neno "projet", mradi, mara nyingi mno hadi tukampa jina palepale: Monsieur Projet. Luc, aliyelinda kituo cha tatu tangu sisi tuko vijana, akaambiwa asante na kwaheri. Wengine wakafuata. Tuliobaki tulianza kutazamana kama abiria ambao mmoja wao ameiba pochi.

Timu ya kulipwa, ndivyo wanavyoiita. Unayajua malipo yenyewe. Mimi bado nasimama mlangoni pa jengo la ofisi pale Schuman, nakagua beji za watu wenye tai. Lakini ile jezi ndiyo iliyonifanya mtu, na niliona wazi kwamba zamu yangu ya kuvuliwa inakuja. Mdakaji wa umri wangu, magoti yanalia kila nikichuchumaa nyuma ya mpigaji! Monsieur Projet aliponitabasamia, nilitazama mikono yake.

Halafu, baridi ikiwa bado kali, akaleta mrushaji wa kushika nafasi yako.

Anaitwa Erasto. Mtanzania, mrefu, mwembamba, shingo kama ya mtu anayesikiliza kitu mbali. Alijifunza besiboli shule ya sekondari kule Dar es Salaam, akaja Ubelgiji kusoma uhandisi. Alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, akasema, "Kaka Patient, nimesikia mengi kukuhusu. Naomba tushirikiane." Kiswahili safi kama taarifa ya habari. Nikajiuliza hapohapo: amesikia mengi kutoka kwa nani?

Mazoezi yalikuwa ndani ya ukumbi wa Berchem kwa sababu ya mvua. Nikachuchumaa, nikavaa barakoa ya chuma, nikafungua glavu. Akarusha mipira ya kasi. Mizuri, siwezi kudanganya. Kisha akasimama, akafuta vidole kwenye suruali, akauliza kwa adabu:

"Sasa nilete sombe, kaka?"

Dido, alisema sombe.

Kwao yale majani ya muhogo yanaitwa kisamvu. Mtanzania hasemi sombe. Na hata kama angesema, angelitaja kwa sababu gani pale ukumbini, mpira mkononi? Tulikuwa wawili tu duniani tulioupa mpira jina hilo: ule unaotoka mkononi mwako polepole, unamfanya mpigaji azungushe gongo mapema kama mjinga, halafu unaanguka miguuni pake umechoka. Tuliuita hivyo kwa sababu ya mama yako, aliyekuwa akisema sombe haipikwi na mtu mwenye haraka. Ule wa kasi tuliuita bugali. Miaka yote tulipigiana kelele uwanjani, "Leta bugali! Leta sombe!" na wale wa Antwerp na wa Uholanzi wakitukodolea macho, wasielewe kinachokuja.

Akaurusha. Ukaanguka palepale ulipokuwa ukianguka wako.

Nikavua barakoa. "Nani alikufundisha?"

Akatazama mistari ya sakafu. "Nilijifunza tu, kaka."

Mtu anayejibu hivyo ana kitu mfukoni. Kazi yangu ni mlango, najua sura ya mtu anayeingia na beji ya mwenzake. Wewe ulikuwa ukinicheka: "Patient, hata Yesu akirudia utamuomba carte d'identité." Sawa, vitambulisho ndiyo kazi yangu. Lakini safari hii beji ilikuwa yako.

Kwanza nilidhani walikupiga picha za video kwa siri ukiwa bado mzima, wakampa azitazame. Lakini video haisemi neno sombe. Kisha nikamshuku Luc, kwamba kwa hasira ya kufukuzwa ameuza siri zetu. Nikampigia, maskini, hakujua hata ninaongea habari gani. Nikamwendea Monsieur Projet mwenyewe. Nikamuuliza: huyu kijana mmemtoa wapi, na amefundishwa na nani? Alikunja karatasi aliyokuwa nayo, akaikunja tena, akasema, "Tu verras, Patient." Utaona. Nikaona kweli: nikaona anakwepa macho yangu.

Basi nikafanya nilichoweza. Nikabadilisha ishara zote za vidole ninazomwonyesha mrushaji ajue arushe mpira upi. Na ile ya sombe sikuitoa kabisa. Msimu ulipoanza, Erasto alisimama kwenye kile kichuguu cha udongo ulichokuwa ukikikanyaga wewe, akiningoja nimwonyeshe vidole, nami nikamwonyesha bugali, bugali, bugali. Wapigaji si wapumbavu. Wakijua kila mpira ni wa kasi, wanaungoja. Tulifungwa mechi ya kwanza na zilizofuata. Tukashinda moja katika manyunyu, tukaimba kwenye basi hadi nyumbani. Wikendi iliyofuata tukachapwa vibaya mno hata watu wa vyumba vya ghorofa ya juu, wale wanaotazama bure kutoka kwenye baraza zao, walifunga madirisha. Tukashinda mbili mfululizo, nikaanza kuota, tukaporomoka tena. Ndivyo tulivyojengwa upya: tofali moja linapanda, mawili yanaanguka.

Erasto hakulalamika hata siku moja. Alirusha nilichomwomba, akapigwa, akanirudia na kusema, "Pole, kaka." Hilo nalo nililishuku. Mtu anayeshindwa bila kukasirika, huenda ametumwa kushindwa. Usiku sikulala vizuri. Nikimtazama mazoezini niliona mkono wako kwenye bega la mtu mwingine, na kila alipoinua mguu nilitaka kumwambia ashushe, arudishe, aende zake.

Wakati huohuo mama yako alianza kunikwepa. Zamani alikuwa hawezi kumaliza Jumamosi bila kunipigia, "Patient, umekula?" Simu zikakatika. Kanisani baada ya ibada anafunga Biblia haraka, anashika mkono wa jirani, huyo ameondoka. Nikajiuliza nimemkosea nini.

Jumamosi moja ya Agosti nikaamua kwenda kwake bila kupiga simu. Nilikuwa sijafika mlangoni pa jengo, nikamwona Erasto anatoka. Mikononi amebeba ile sufuria ya bluu ya mama yako, imefungwa kwa kitenge. Sufuria ile! Unajua anampa nani. Mimi nilingoja miaka kabla hajaniamini nayo. Nikajificha nyuma ya mapipa ya chupa, mlinzi mwenye cheti, kama mwizi. Nikamwangalia akivuka barabara kwa uangalifu, asimwage mchuzi. Nikasema moyoni: wamekuondoa kwenye kichuguu, sasa wanakuondoa hata mezani.

Mama yako alipofungua mlango, sikumsalimu vizuri. Nisamehe. Nilisema, "Maman, ule muntu anakuya hapa kufanya nini?"

Hakushtuka. Alipangusa mikono kwenye aproni. "Ikala kwanza, Patient."

"Siikale, Maman. Niambie."

"Bon. Simama, utachoka mwenyewe." Yeye akakaa. Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayemimina maji asije akayamwaga. "Ni Dido mwenyewe alimuitaka. Ule patron mupya alikuyaka kumusalimia hospitali, Dido akamuuliza, nani atarusha mahali yangu? Akasema iko Mutanzania moja. Dido akasema, mulete. Alikuwa anakuya asubuhi, wakati uko ku kazi. Banatoka mu couloir, inje ya chumba, Dido anamuonyesha vile ya kukamata mupira. Mimi nilikuwa nachunga mulango, ba infirmières ba hospitali basione."

Nikakaa.

"Na juu ya nini hamukuniambia?"

"Alinikatazaka. Sisi bote, na ule patron. Alisemaka: 'Maman, Patient akijua, ataanza kuniangalia sawa muntu mwenye amekwisha kufa. Niko nataka muntu moja tu mwenye bado anaamini nitarudia.'" Akavuta uzi kwenye kitambaa cha meza. "Njo maana nilikuwa nakukimbia, mutoto wangu. Nilikuwa naona uso yako, uongo inanichoma."

Dido.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nani? Kila jioni nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikakuambia, "Aprili utakuwa kwenye kichuguu." Nawe ukaitika, "Aprili, mwenzangu." Na asubuhi ulikuwa umeshampa mtu mwingine hiyo Aprili. Nilikuwa dawa yako ya usingizi? Nilikuwa redio ya kukuimbia? Mimi niliyebeba kiti chako cha magurudumu, niliyejua idadi ya vidonge vyako... basi. Basi. Acha.

Niliondoka bila kula, kitu ambacho mama yako hajapata kukiona kwangu. Wiki kadhaa sikuja kaburini. Nilipita na tramu, nikaona lango, sikushuka. Nilianza hata kukagua kumbukumbu zetu moja moja, kama mizigo ya watu pale kazini. Ile siku ya theluji yetu ya kwanza, tulipokuwa tukirusha matonge ukutani nyuma ya shule na mwalimu wa michezo akatoka, tukadhani tutapigwa, kumbe anatuuliza kama tunataka kujifunza mchezo. Wewe ulimjibu kwa niaba yetu wote wawili: ndiyo. Hukuniuliza. Nikajiambia, kumbe ndivyo ulivyokuwa tangu zamani. Unaamua, mimi naambiwa baadaye.

Mwishowe nilimngoja Erasto baada ya mazoezi. Wenzetu walikuwa wameondoka, amekaa kwenye benchi anafungua kamba za viatu. Nikamwambia nimejua. Hakuinuka. Akasema, "Samahani, kaka. Nilimwapia." Kisha akaongeza, kama mtu anayejaribu kama maji ni ya moto: "Alisema utanishuku. Alisema, 'Jina lake Patient, mvumilivu, lakini uvumilivu hana hata punje. Wewe ndiye utakayemvumilia.'"

Nilicheka. Sikutaka, nilicheka.

Lakini bado mlinzi ni mlinzi. Nikamuuliza, mlirushaje mipira hospitali bila kuvunja kitu? Akasema uliuvika mpira soksi. Nikamuuliza soksi ya rangi gani. "Nyekundu," akasema, "ina tundu kwenye kisigino." Hapo nikamwamini. Soksi ile niliijua, nilikununulia mimi.

Akaniambia mengine. Kwamba ulikuwa ukiegemea kile chuma cha dripu na kumrekebisha bega kwa mkono mwingine. Kwamba asubuhi moja vidole vyako vilikataa kujifunga kwenye mpira. Ulijaribu, ukajaribu tena, ukaurudisha mkononi mwake, ukafumba macho na kumfundisha kwa mdomo tu, kidole hiki hapa, kile pale, mpaka akaupata. Nikamuuliza ilikuwa siku gani. Alipoieleza niliikumbuka. Jioni ya siku ile nilikukuta umekaa kitandani umechana nywele, ukaniambia uko vizuri sana, ukaniuliza habari za mazoezi. Nikakueleza kwa saa nzima. Nawe ulinisikiliza mikono iko chini ya blanketi.

Sasa ndiyo najua kwa nini ilikuwa chini ya blanketi.

Septemba tulibaki na mechi moja. Tukishinda tunabaki ligi ya juu, tukifungwa tunashuka. Mama yako alikuja, amevaa koti lako, akakaa karibu na Monsieur Projet. Nikaanza kujiuliza wanaongea nini, nikajikataza. Tangu mwanzo nilimwonyesha Erasto ishara yetu ya zamani, ile uliyomfundisha wewe. Nilimwomba sombe kwa mara ya kwanza msimu mzima, akaitazama ile mikono yangu muda, nikadhani hakuona. Kisha akarusha. Mpigaji wao alizungusha gongo hadi kofia ikamdondoka. Nikasikia sauti ya mama yako jukwaani: "Eeeh! Sombe ya kwetu!"

Tuliongoza kwa pointi moja hadi mwisho. Wao wana mtu kituo cha tatu, anayengoja kosa dogo tu akimbie hadi kituo cha nyumbani asawazishe, na gongoni liko jitu lao kubwa. Nikaomba sombe. Erasto akatikisa kichwa: hapana. Nikaomba tena. Hapana. Damu ikanipanda. Nikajiambia, hii ndiyo ile siku. Hapa ndipo anapotuuza. Nikamwomba mwamuzi ruhusa, nikamwendea kichuguuni.

"Kaka," akasema kabla sijafungua mdomo, "huyu ameshaiona ya Dido mara tatu. Anaingoja. Niachie nirushe yangu."

"Yako ipi?"

"Inakwenda kando. Sijawahi kukuonyesha, hukuwahi kuniuliza."

Ni kweli. Msimu mzima nilimuuliza nani alimfundisha hiki, nani alimpa kile. Sikuwahi kumuuliza yeye ana nini. Nilimtazama usoni, jasho, kope, kila kitu, nikitafuta uongo. Sikuupata. Nikamwambia, "Ukituua, mama yake Dido yuko pale, wewe ndiye utakayemweleza." Nikarudi, nikachuchumaa, nikafungua glavu bila kujua mpira utafika wapi.

Ulikuja katikati, halafu ukahamia kando kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Lile jitu likaugusa kwa ncha ya gongo. Mpira ukajiviringisha kwenye majani mbele yangu, dhaifu. Magoti haya yanayolia yaliinuka yenyewe. Nikauokota, nikautupa kituo cha kwanza kabla lile jitu halijafika, likawa la mwisho kutolewa. Tulishinda, Dido. Tumebaki ligi ya juu, wa pili kutoka mkiani, tunashangilia kama mabingwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini wiki iliyopita Monsieur Projet aliniita ofisini, akanipa kahawa, akafunga mlango. Nikajua. Akasema wamempata mdakaji wa mwakani, kijana kutoka Liège, na ataanza mazoezi mapema. Mimi nitabaki msimu mmoja nimlee, kisha watanitafutia kazi ya ukocha, "on verra," tutaona. Hiyo "on verra" siiamini hata kidogo, nimeomba aiandike. Kisha akashusha sauti, akasema kama napenda, kijana anaweza kuja kwanza faragha, siku ambazo wengine hawapo, ili nisione aibu. Akasema wewe ulipenda iwe hivyo.

Nilikunywa kahawa yote kabla ya kumjibu. Nilikuwa na hasira na yeye, na wewe, na yule kijana ambaye sijamwona. Pia nilielewa, kwa mara ya kwanza, jinsi ulivyojisikia kitandani pale wakati mtu yuleyule ameketi mbele yako na koti lake. Na wewe hukuwa na msimu mmoja mbele yako. Ulikuwa na asubuhi chache tu, ukazigawa.

Nikamwambia atakuja, na nitamfundisha. Lakini si faragha.

Sijamaliza kukukasirikia, nisikudanganye. Siku nyingine nitakuja hapo kwako na maua, siku nyingine nitakuja na maneno. Mama yako ameanza kunipigia tena. Erasto ananiita kaka na mimi sasa naitika.

Lala, ndugu yangu, usiangalie mlango, niko mimi. Nakuahidi hivi: Jumatatu kijana wa Liège akifika, nitampokea mwenyewe kituo cha treni, mchana kweupe. Nitaingia naye uwanjani nimemshika bega, wenzetu wote wakitazama, na nitawaambia kwa sauti: huyu ndiye atakayekaa mahali pangu.

Mwenzako,
Patient